Bastola Ndogo Chini ya Koti

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 22:2, 3, Waamuzi 3:15–22, 1 Samweli 25, 2 Samweli 20:8–10, Ezra 8:21–23, Nehemia 2:9, 4:15–23, Luka 22:35–51.

Katika majimbo mengi ya Marekani leo, mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi anaweza kuingia katika duka la silaha, akajaza fomu, akasubiri jina lake likaguliwe katika mfumo wa serikali kuu, kisha akatoka na bastola inayoenea kiganjani. Juni 2022 Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo iliamua, katika kesi iliyotoka jimbo la New York, kwamba katiba inalinda haki ya raia wa kawaida kubeba bastola nje ya nyumba yake kwa ajili ya kujilinda. Zaidi ya nusu ya majimbo hayadai tena kibali kwa mtu mzima anayetaka kuibeba kwa kificho. Texas iliondoa sharti hilo Septemba 2021.

Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi katika majimbo hayo. Wako Wakongo na Warundi waliofika huko kupitia makambi ya wakimbizi, na wako Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma au kutafuta kazi. Swali limewafuata mpaka darasa la Shule ya Sabato: Je, Mkristo anaweza kuchagua bastola ndogo na kuibeba chini ya koti kila siku? Msomaji wa Mwanza au Kisumu anaweza kuona kwamba jambo hili halimhusu, kwa kuwa kwetu bastola ni ya leseni na wenye nayo ni wachache. Lakini nyumba nyingi zina panga chini ya mvungu, na aliyeliweka hapo ameshajibu sehemu ya swali hili, hata kama hakujua kwamba ameulizwa.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu kina mambo ya kutufundisha. Bastola ndogo ya kufichwa si jambo jipya. Katika karne ya kumi na tisa fundi wa Philadelphia aliyeitwa Henry Deringer alitengeneza bastola fupi za kutiwa mfukoni, na ni mojawapo ya hizo iliyomuua Rais Abraham Lincoln mwaka 1865. Mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ndogo ya risasi tano ambayo polisi wengi wa Marekani waliibeba wakiwa hawako zamu. Mwaka 2008 Ruger ilitoa nyingine yenye uzito wa gramu 270 hivi bila risasi, na mwaka 2018 SIG Sauer ilitoa ndogo inayobeba risasi kumi katika kasha lake. Kila kizazi kimetafuta kitu kilekile: chembamba zaidi, chepesi zaidi, kisichoonekana chini ya shati.

Wepesi huo una gharama, na wauzaji waaminifu huisema wazi. Mtutu ukiwa mfupi, kulenga kunakuwa kugumu. Silaha ikiwa nyepesi, huruka mkononi kwa nguvu inapofyatuliwa, na mpini mfupi haushikiki vizuri. Risasi huwa chache. Basi kwa nini mtu achague silaha iliyo ngumu kuitumia? Jibu la wenye duka ni la busara ya kazi yao: bastola kubwa huachwa nyumbani. Inachosha kiuno, inajichora chini ya nguo, na baada ya juma moja mwenyewe anaitia kabatini. Ile ndogo haiachwi. Muuzaji atakuuliza kama utaivaa kiunoni ndani ya suruali, kwenye kifundo cha mguu, au katika mkoba. Atakuuliza kama shati lako hukaa nje au ndani. Maswali yake yote yanaelekea mahali pamoja, kwamba silaha iwe nawe kila saa, hata saa unazosahau kwamba unayo.

Hapo ndipo swali la kimaadili lilipo. Watu wengi hujadili saa moja tu: usiku, mlango unavunjwa, watoto wanalia. Lakini anayechagua bastola ya kubeba kila siku anachagua kwa ajili ya saa nyingine zote pia.

Soma Kutoka 22:2, 3. Kwa nini sheria inatofautisha mwizi wa usiku na mwizi wa mchana?

Mwizi ni yuleyule, nyumba ni ileile, na mwenye nyumba ni yuleyule. Akipigwa akafa wakati anavunja usiku, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limekwisha kutoka, ana hatia, na mwizi anatakiwa kuwa hai ili alipe. Kilichobadilika ni mwanga. Usiku mwenye nyumba haoni uso wa aliyeingia wala hajui amekuja kuiba au kuua, na majirani wamelala. Mchana anaona, anaweza kupiga yowe, na kijiji kitakuja. Kuanzia hapo uhai wa mwizi unalindwa na sheria ileile inayolinda mali ya mwenye nyumba.

Tusiipite sheria hii haraka. Inampa nafasi ya kweli yule anayewalinda watu wake gizani, na mwalimu wa darasa hana ruhusa ya kumwita muuaji mtu ambaye Musa hakumwita hivyo. Lakini nafasi hiyo imefungwa kwenye saa yake na mahali pake. Bastola ya kila siku haina saa. Anayeivaa anauchukua ule usiku wa Kutoka 22 na kutembea nao mchana: sokoni, kwenye foleni ya magari, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye ugomvi mdogo wa nani aliwahi nafasi ya kuegesha gari.

Ugomvi mdogo ndio unaotupeleka kwa Daudi. Katika 1 Samweli 25 Nabali hakumshambulia. Alimnyima chakula na kumtukana mbele ya vijana wake, basi. Daudi alitoa amri moja, kila mtu ajifunge upanga wake, na watu mia nne wakashuka pamoja naye. Angalia jinsi njia ilivyokuwa fupi kati ya tusi na mauaji ya nyumba nzima, kwa kuwa panga zilikuwa tayari viunoni. Huyu si mtu mwovu. Ni mtu yule ambaye sura moja kabla alimwona Sauli pangoni akamwacha hai. Aliokolewa na mwanamke aliyepanda punda na kumletea mikate, akamkumbusha kwamba siku moja atakuwa mfalme na hatapenda kukumbuka damu ya bure. Dereva aliyetukanwa barabarani huko Houston hana Abigaili. Ana sekunde chache tu, na kitu kiunoni.

Wengine husema, na nimewasikia wakisema kwa moyo safi, kwamba kuwa na silaha kumewafanya wapole zaidi, kwa kuwa wanajua ugomvi wao unaweza kufika wapi. Naamini ni kweli kwa baadhi yao. Hata hivyo Daudi naye alijua upanga unaweza kufanya nini.

Jambo la pili ni kule kuficha. Biblia ina habari za silaha zilizofichwa, na inafaa kuzisoma pamoja. Ehudi alikuwa na upanga wa urefu wa dhiraa moja, ameufunga pajani, upande wa kuume, chini ya mavazi. Akaingia kwa mfalme wa Moabu akiwa na kodi mikononi na ujumbe wa siri mdomoni. Yoabu alimwendea Amasa, akamwita ndugu, akamuuliza hali, akamshika ndevu kwa mkono wa kuume kana kwamba anambusu. Mwandishi anasema Amasa hakuuangalia upanga uliokuwa mkononi mwa Yoabu. Ehudi alikuwa mwokozi wa Israeli na Yoabu alikuwa muuaji, lakini njia ilikuwa moja: aliyekuwa mbele yao hakujua amesimama mbele ya nini.

Sasa walinganishe na wajenzi wa Nehemia. Hao nao walibeba silaha kila siku. Mkono mmoja kazini, mwingine umeshika silaha, na sura ya nne inamalizika kwa kusema kwamba hata nguo zao hawakuzivua. Kama kuna fungu linalomtetea mbeba silaha wa kila siku, ni hili. Lakini walibeba hadharani. Maadui waliwaona, na ndugu zao waliwaona. Lilikuwa shauri la mji mzima, likiongozwa na mtu aliyewajibika kwa mji, na jambo lilikuwa na mwisho, maana ukuta ulikamilika kwa siku 52. Hakuna aliyekwenda dukani peke yake na kuamua moyoni mwake kwamba kuanzia sasa ataishi hivi mpaka kufa.

Wanaotetea kificho wana hoja yenye uzito. Bastola inayoonekana huwatisha watoto na wazee. Iliyofichwa haimsumbui mtu. Tena, mhalifu asiyejua ni nani aliye na silaha atawaogopa wote. Hoja hiyo naikubali kwa barabara yenye wageni. Naipata shida zaidi ndani ya kusanyiko. Robo inapofika mwisho tunakwenda kwenye huduma ya unyenyekevu. Ndugu mmoja anapiga magoti, anaweka beseni, na kumwomba mwenzake avue viatu na soksi. Bastola za kifundo cha mguu zipo, na huuzwa na ala zake. Sijui kama kuna mahali jambo hilo limeleta aibu. Lakini fikiri kwamba limetokea katika darasa lako, na useme ni nani kati ya wale wawili angepaswa kusema neno la kwanza.

Hatuwezi kuliacha kusanyiko bila kutaja yaliyotokea katika makanisa. Juni 2015 watu tisa waliuawa kwa risasi katika kipindi cha kujifunza Biblia huko Charleston, South Carolina. Walikuwa wamempokea muuaji na kumpa kiti. Desemba 2019, katika kanisa la White Settlement, Texas, mtu alisimama wakati wa Meza ya Bwana na kuua waumini wawili. Katika muda wa sekunde sita hivi mshiriki wa kikundi cha ulinzi wa kanisa alimpiga risasi, na mauaji yakakoma. Anayesema silaha haijawahi kuokoa maisha ndani ya nyumba ya ibada anasema lisilo kweli, na wenye kuomboleza wana haki ya kusikia tukikiri hivyo.

Lakini tuitazame habari hiyo mpaka mwisho. Aliyefyatua alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha, mtu aliyewahi kutumika na polisi, na kanisa lilikuwa limempa kazi hiyo. Mmoja wa waliouawa alikuwa naye wa kikundi cha ulinzi, na alikuwa anaitafuta bastola yake alipopigwa. Habari ya White Settlement inafanana na ukuta wa Nehemia kuliko inavyofanana na ndugu aliyenunua bastola Jumatano na kuja nayo Sabato bila kumwambia mtu. Baraza la kanisa likiamua kwamba panahitajika mlinzi mlangoni, wazee wamjue, sheria za jimbo zifuatwe, na washiriki waambiwe. Naona hilo ni halali. Kila mtu kujiteua kimyakimya ni jambo lingine.

Kuna hatari nyingine ambayo anayechagua silaha dukani haioni kwa urahisi, kwa sababu haina sura ya mgeni. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Mtu anayejaribu kujiua kwa njia nyingine mara nyingi huokolewa, na wengi wa waliookolewa huishi. Kwa bastola, majaribio mengi sana huishia kifo. Ndugu zetu waliotoka Kivu au Bujumbura wamebeba kumbukumbu ambazo darasa haliwezi kuziona: usiku wa kukimbia, majina ya waliobaki njiani. Wanafika nchi ya baridi, kazi ni ya zamu za usiku, watoto wanaongea lugha ambayo baba haielewi vizuri. Huzuni nzito huja na kuondoka. Inapokuja, ni jambo kubwa kama kilichopo kiunoni ni simu au ni bastola.

Na wako watoto. Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili akiwa ameketi kwenye kikapu cha manunuzi dukani aliingiza mkono katika mkoba wa mama yake, akaipata bastola, na mama akafa palepale. Mkoba ule ulikuwa umetengenezwa maalumu kwa kubebea silaha kwa kificho, una mfuko wake wenye zipu. Mama hakuwa mzembe kwa viwango vya watu wanaobeba silaha. Alikuwa amenunua kifaa kinachofaa na kukitumia kama kilivyokusudiwa.

Linganisha Ezra 8:21–23 na Nehemia 2:9. Je, mmoja wao alikuwa na imani kuliko mwingine?

Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa njiani, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Akafunga saumu kando ya mto Ahava, akasafiri na wanawake, watoto na dhahabu bila mlinzi. Miaka kumi na mitatu hivi baadaye Nehemia alikwenda Yerusalemu kutoka kwa mfalme yuleyule, akiwa na maakida na wapanda farasi, na hakuona haya hata kidogo. Maandiko hayamlaumu yeyote kati yao. Ndiyo maana somo hili haliwezi kukupa kanuni ya kumpimia ndugu yako. Lakini angalia kilichomfunga Ezra. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Alichokuwa amekisema hadharani juu ya Mungu kilimzuia kufanya kinyume chake katika safari. Swali lake linafaa kuulizwa kabla ya swali la muuzaji: mimi nimewaambia nini majirani zangu juu ya anayenilinda?

Kanisa letu nalo limesema maneno. Mwaka 1990, wakati wa kikao cha Konferensi Kuu huko Indianapolis, lilitoa tamko la kuunga mkono marufuku ya kuuza silaha za kivita kwa raia. Tamko hilo halikukataza bastola, na tusilipanue kuliko lilivyo. Tunamkumbuka pia Desmond Doss, tabibu wa jeshi aliyekataa kushika silaha yoyote, na ambaye mwaka 1945 huko Okinawa anahesabiwa kuwa aliwateremsha majeruhi 75 kutoka juu ya jabali. Ni kweli kwamba habari yake ni ya vita, na haimjibu moja kwa moja mwenye nyumba wa Kutoka 22. Ila kuna jambo dogo ndani yake ambalo sijaweza kulisahau. Aliwateremsha kwa kamba, mmoja mmoja, na kazi ya kamba inataka mikono yote miwili.

Katika Luka 22 wanafunzi walimwonyesha Yesu panga mbili, naye akasema inatosha. Wafafanuzi wamebishana sana juu ya jibu hilo, na sitaongeza langu. Lililo wazi ni kilichofuata. Mwenye upanga, ambaye Yohana anatuambia ni Petro, alifika nao bustanini, kisha akalala usingizi wakati wa kuomba. Alipoamka aliutumia, na aliyempata hakuwa Yuda wala mkuu wa walinzi. Alikuwa mtumwa, na alichokipata ni sikio. Luka peke yake ndiye anayeandika kwamba Yesu aliligusa sikio lile akamponya. Uponyaji wake wa mwisho kabla ya msalaba ulikuwa wa jeraha lililofanywa na mwanafunzi wake mwenye silaha, tena aliyedhani anamlinda yeye.

Bado yuko dada mmoja wa kufikiriwa, na wenye madarasa huko ng'ambo watamtambua. Anafanya usafi katika jengo la ofisi na kumaliza saa nane za usiku. Kituo cha basi kiko mbali, taa za barabara mbili hazifanyi kazi, na mwezi uliopita mwenzake alinyang'anywa mkoba na kupigwa. Ameulizia bei ya bastola ndogo. Muuzaji alimtendea kwa heshima, alimpa nyingine zilizomo ili apime mkono wake, na akamweleza siku za mafunzo. Sasa amekuja darasani Sabato asubuhi na ameuliza kama itakuwa dhambi.

Kabla darasa halijaanza kumfungulia mafungu, mwalimu aulize kwanza ni nani anakaa upande ule wa mji, ana gari, na anaweza kuwa macho saa nane usiku, Jumatatu mpaka Alhamisi.